Pima Kumi na Moja

6 Novemba

Kwako mdogo wangu,

Habari za huko kwenye taa nyingi. Sisi hatujambo, kwa kiasi cha watu waliofiwa. Mama anaacha nusu ya chakula na kusingizia meno, na meno ni yale yale aliyokuwa akivunjia mifupa mwezi wa sita. Paka wa Baba bado analala ndani ya viatu vya Baba, hataki kuhamishwa. Paa la jikoni nimeliziba mwenyewe kwa bati la zamani. Linavuja, lakini sasa linavuja mahali ninapopataka mimi.

Nakuandikia kwa kuwa simu yako inaita mpaka inajichokea. Karatasi haina kitufe cha kuzima. Nimempa dereva wa lori la barafu, yule anayepakia kiwandani kwenu, nikamwambia akutie mkononi, asimwachie mtu.

Sasa neno langu. Baba alizikwa mwezi wa nane. Kaburi lake lilifukiwa na watoto wa watu, na kila aliyeshika koleo aliniuliza mwanawe wa kiume yuko wapi. Nikawa najibu kama kasuku, kazi imembana, kazi imembana, kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa, na hata hayo hukuyasema wewe, alipiga simu mtu wa ofisini kwenu. Nikadhani utakuja mwezi uliofuata, walau kumtazama Mama. Sasa ni Novemba.

Mashua ya Baba naiendesha mimi. Nakuambia ili usije ukasikia kwa watu ukajifanya umeshtuka. Ruhusa yako siihitaji. Nahitaji kitu kimoja tu kutoka kwako, na nitakiomba nikishaona kwamba unajua kujibu barua.

Ni mimi dada yako.


29 Novemba

Shikamoo dada,

Hiyo ni ya adabu, Mama asije akasema hakutulea. Mimi mzima. Nimehama kile chumba cha ghorofani, sasa nakaa chini, dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, na jirani ana redio. Kiwandani wamenihamishia getini, naangalia malori yakiingia na kutoka. Mpe Mama salamu, mwambie nakula vizuri.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta mahali ulipouliza kama mimi mzima. Sikupaona.

La mazishi sina cha kuongeza. Kazi ilinibana.

La mashua, iuzwe. Wewe ni mtu wa nchi kavu maisha yako yote. Kazi yako ilikuwa kupaa samaki magamba na kugombana na wanunuzi, na kwa hilo la pili sijaona aliyekuzidi. Kumtafuta samaki aliyejificha kwenye maji ni jambo jingine. Uza kabla mbao hazijaoza, umlete Mama huku karibu na hospitali kubwa, nawe utafute shughuli inayofanana nawe.

Na usiniandikie kana kwamba mimi ndiye niliyeivunja nyumba. Niliweka akiba nikanunua ile mashine ndogo ya kuonyesha samaki, nikamletea Baba, ili aone kwenye kioo samaki wako kina gani asikisie. Akasema samaki hatafutwi kwa betri, akaitupa majini mbele ya gati zima. Sikumchukia, alikuwa mzee na mashua ni yake. Lakini wewe ulikuwa umesimama pale na kisu chako cha magamba, na ulicheka. Kicheko hicho ndicho kilichonipandisha kwenye lori.

Mdogo wako.


8 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, anasema haamini kwamba unakula vizuri. Nami nasema anayekula vizuri huandika vizuri. Ule mwandiko ni wa nani? Wewe ulikuwa na herufi zilizolala kwenye mstari kama dagaa walioanikwa, mwalimu akipita na daftari lako kuwaonyesha wenzako. Sasa ni kuku kaparura. Ama umeajiri karani mlevi, ama umenidharau kiasi cha kuniandikia ukiwa umesimama. Mama anataka picha yako. Tuma.

Nilicheka, ndiyo. Gati zima lilicheka. Ulitaka nilie?

Mashua haiuzwi. Sikiliza mambo yalivyo, kisha ufunge mdomo, kwa kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Joto limekolea. Maji ya juu yamekuwa ya kuogea mtoto, na kule chini kabisa, hilo unalijua, maji hayana hewa, samaki akikaa anakufa. Kwa hiyo wale wakubwa wote wamehamia katikati, wamening'inia pale mkabala na mwamba, hawapandi wala hawashuki. Ndio wale aliokuwa Baba akiwaita wapangaji wa ghorofa ya kati. Nyavu za chini zinaniletea tope na nyavu za juu zinaniletea majani.

Na kanuni ya gati hujaisahau. Nafasi ya kufunga mashua isiyoshusha samaki msimu mzima wa joto, mvua ya kwanza ikianguka mwenyekiti wa gati anampa mwingine. Anayeimezea mate ya kwetu ni jirani yetu, Bwana Betri. Tumempa jina hilo kwa sababu amenunua mashine kama ile yako, na tangu ainunue hatembei, anaelea. Nafasi ikienda, mashua nitaifunga wapi, kwenye mguu wa kitanda? Baba alisimama pale tangu gati lilipokuwa magogo mawili. Sitakuwa mimi niliyeipoteza.

Mahali napajua. Tangi la maji likijificha nyuma ya kona ya ghala, hapo ndipo. Nisichokijua ni kina. Baba alikuwa akikaa nyuma na kasia, wewe mbele unateremsha mshipi kwa pima za mikono, kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole, na hakuna aliyehesabu kwa sauti, kwa kuwa Baba alisema maji yana masikio. Mara chache nilizopanda niliona midomo yako ikicheza tu.

Basi hicho ndicho kitu nilichosema nitakiomba. Nipe kina. Pima ngapi?

Dada yako.


20 Desemba

Shikamoo dada,

Mimi mzima. Redio ya jirani imeharibika, Mungu ni mwema. Picha nitatuma. Mwandiko usiujali, kalamu za huku ni mbovu.

Pima kumi na moja. Hakuna siri nyingine. Tangu joto linapokolea mpaka mvua ya kwanza, wapangaji wako pima kumi na moja. Chambo kiwe hai, ndoana ipite mgongoni, isipite mdomoni, kiweze kuogelea. Chubwi liwe dogo, la kukishusha tu. Ukifika hapo, tulia. Samaki wa katikati hainami kuokota chakula, macho yake yanatazama juu, kwa hiyo chakula kimpite usoni au juu kidogo ya kichwa. Na usizidishe kumi na moja hata shubiri moja. Hapo chini ndipo hewa inapokwishia. Chambo kitakufa, utakuwa umewaning'inizia maiti.

Nimekupa kwa sababu Mama anatakiwa kula. Kuomba hukuomba vizuri. Ukishindwa mpaka mvua inyeshe, unauza mashua na tusijibizane tena.

Mdogo wako.


11 Januari

Kwako wewe,

Mama ana kikohozi cha vumbi. Paka wa Baba amezaa ndani ya kiatu cha kushoto, naye tulikuwa tunamwita dume miaka yote. Habari zimekwisha.

Nimevua kwa kumi na moja yako. Nimevua asubuhi, nimevua jioni, nimevua jua la utosi mpaka ngozi ya pua ikabanduka. Chambo hai, ndoana mgongoni, chubwi dogo, mdomo nimefunga, nahesabu moyoni kama mtu anayesali. Hakuna. Nikapandisha kumi, nikapandisha tisa, nikapandisha nane. Hakuna. Chini ya kumi na moja sikwenda, kwa kuwa bwana mkubwa amekataza. Vile visamaki vya chambo vinarudi vizima, vinanitazama.

Juzi nikaisogeza mashua karibu na ya Bwana Betri, nikachungulia kioo cha mashine yake, akakifunika kwa kofia kabla sijasoma namba za kina. Wapo. Wamepangana katikati ya maji kama nguo kwenye kamba, hawana haraka na mtu. Akaniambia nirudi jikoni, bibie, jua litanitia doa. Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, na sasa ujue kwamba nimekionja hicho kicheko chako. Furahi.

Umenidanganya. Nimelizungukia neno hilo siku nyingi nikitafuta jingine la kuweka hapo, sikulipata. Unataka mashua iuzwe, na ukajua huwezi kuiuza kwa nguvu, basi ukanipa namba ya uongo nishindwe mwenyewe mbele ya watu. Kikulacho ki nguoni mwako. Baba alikuwa mkali, alikuwa mbishi, alitupa mashine ya watu majini, lakini hakuwahi kumdanganya mtu kina cha maji. Hilo hata adui hafanyiwi.

Picha uliyosema utatuma hatujaiona. Labda nayo ilikuwa uongo.


30 Januari

Dada,

Leo shikamoo imenikwama kooni, utanisamehe. Pole ya kikohozi cha Mama. Picha hiyo humo ndani, ni ya kwake, si ya kwako.

Mimi nimekukosea mambo mengi na mengine huyajui, lakini kina sikukudanganya. Kumi na moja. Mshipi ule niliuteremsha tangu ndevu hazijaota. Naujua hata nikiwa usingizini, na kuna siku naamka vidole bado vinausikia ukipita, vidole vyote, mpaka nachukia kuamka. Unaniambia mimi sijui kumi na moja?

Asiyejua kucheza husingizia uwanja. Labda unatikisa mashua. Labda unaongea, kwa kuwa sijawahi kukuona umenyamaza muda wa kutosha samaki kusogea. Labda unahesabu pima kama unavyohesabu umri wako, unaruka baadhi. Angalia makosa yako kwanza, halafu uje kunitukana.

Na usiniite tena mwongo wa kina. Niite mwana mbaya, niite mtoro wa msiba, hayo nimeyazoea, nayalalia na kuyaamkia. Hilo la kina, hapana.

Mashua iuzwe.


9 Februari

Mdogo wangu,

Picha Mama ameichomeka kwenye kioo cha kabati, anaisalimia kila asubuhi. Anasema umekonda. Mimi nasema ni uso mtupu, kama wa kitambulisho, mwili tutaujulia wapi. Kikohozi kimekwisha.

Sasa nisikilize na usinikatize. Jana nilikuwa barazani natandaza mshipi mpya, mikono huku na huku, napima. Mama akapita nyuma yangu na ndoo ya maji bila hata kukwepa. Akasimama, akageuka, akaanza kucheka, kicheko chake cha kwanza tangu msiba.

Akasema, "Mdogo wako akinyoosha mikono hapa, mimi nilikuwa nazungukia uani."

Nikakaa pale pale juu ya mshipi. Wewe ni yule mtoto ambaye Mama alikushonea mashati ya shule kila mwaka na kila mwaka mikono yake iliishia njiani. Mimi ni huyu ambaye Baba alimwita Kisigino kwa ufupi wake. Kumi na moja zako ni ndefu, kumi na moja zangu ni fupi, na hatukuwaza, si wewe wala si mimi, kwa kuwa tangu mashua ile ichongwe hakuna mikono mingine iliyopima zaidi ya yako. Miezi yote hii nimekuwa nikiwaning'inizia wapangaji chakula darini, nao wako ghorofa yao wanasubiri. Ukaniambia nisizidishe, nikatii. Mara yangu ya kwanza kukutii, tazama ilivyonilipa.

Usidhani naomba radhi. Ulitakiwa kufikiri. Nami nilitakiwa, lakini wewe ndiye uliyejifanya bingwa.

Kubahatisha siwezi. Nikipita chini sana chambo kinakufa, na chambo hai sasa ni cha kupigania, Bwana Betri anakimaliza chote mashua za dagaa zikifika tu. Kwa hiyo nifanyie jambo dogo, la kupepesa jicho. Chukua uzi. Shika ncha kwa mkono huu, shika kwa mkono huu, nyoosha kama ulivyokuwa ukifanya ukazuia njia ya watu, kata, mpe dereva. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa pili wa ziwa. Usilaze damu.

Kisigino.


27 Februari

Wewe,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Paka na wanawe hawajambo.

Lori limekuja, likaja tena, na tena, na dereva ananishushia barafu tu. Nikamuuliza kama umekufa, akasema hapana. Kama umehama, hapana. Nikamwambia basi ana nini huyo, uzi tu umemshinda? Akainama akaanza kukagua matairi ambayo hayana tatizo. Akasema, dada, nenda mwenyewe ukamwone. Nimwache Mama na nani, na mashua na nani? Nikamwambia kama una mke mwenye wivu wa nyuzi aniambie. Hata hakucheka.

Mwenyekiti alifika nyumbani, akakaa, akanywa maji, akasema kwa upole ule wa watu wanaokuja kukunyang'anya. Mvua ya kwanza ikianguka, nafasi ni ya Bwana Betri, yeye hana la kufanya, kanuni aliikuta. Mama alikuwa anasikia. Akaenda kulifuta kasia la Baba kwa kitambaa, na kasia lilikuwa safi.

Nakuomba. Umelisoma hilo neno? Lisome vizuri, kwa sababu sitaliandika tena. Nakuomba uzi. Na kama umeuzuia makusudi ili nishindwe, basi usijihesabu kuwa una dada, na Mama akifa usije. Uzoefu unao.


6 Machi

Shikamoo dada,

Msalimie Mama kwanza kabla hujaendelea kusoma. Ukishamaliza sijui kama utaweza kumtazama usoni.

Uzi uko ndani ya bahasha. Utauona mfupi na utaanza kunitukana. Ngoja. Ni nusu. Nimepima kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto mpaka hapa chini ya koo, kwenye kishimo, jirani wa redio akanishikia ncha. Uzi huo mara mbili ndiyo pima yangu moja. Teremsha kumi na moja za hizo.

Upande wa kulia hakuna cha kupima. Mkono ulikwenda na mashine ya kusaga barafu mwezi wa nane, kuanzia juu ya kiwiko. Siku mnamzika Baba mimi nilikuwa wodini. Mtu wa ofisini alikuja kitandani akaniuliza awaambie nini nyumbani, nikamwambia sema kazi imenibana, nesi akanitazama kama mwendawazimu. Hiyo ndiyo habari ya getini, na ya chumba cha chini, na ya picha ya uso. Karani mlevi uliyemtukana ni mkono wangu wa kushoto. Anajifunza. Dereva usimlaumu, nilimwapisha.

Unajua kwa nini sikusema. Usijifanye hujui. Baba alikuwa akiwaambia watu gatini kwamba mikono yangu ndiyo kipimo cha mashua ile, bila mikono hiyo ni mbao tu. Nilimwachia mashua yake kwa hasira, nikidhani nitarudi siku nikipenda, na mikono yangu nitakuwa nayo. Sasa nirudi na nini? Niketi mbele nifanye nini? Na wewe ungenihurumia. Chuki yako naijua, nimekua nayo, naweza kuibeba kwa mkono mmoja. Huruma yako sijawahi kuiona, niliiogopa.

Ulipoomba uzi nilitaka kumaliza kimya kimya. Nilikata uzi mzima, nusu hiyo mara mbili, ungeupokea, ungevua, usingejua mpaka kesho. Nikautandaza juu ya meza. Nikautazama siku baada ya siku, ndiyo maana umechelewa. Uliniita mwongo wa kina, na kweli ule uzi ulikuwa uongo, ulikuwa na mkono ambao sina. Nikachukua mkasi nikaukata katikati. Huo uliomo humu ni mimi, kwa urefu wangu wa sasa.

Hujafa hujaumbika. Usimwambie Mama.

Mdogo wako.


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba ya ile uliyonyima Januari.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye lori, dereva akiwa amenishikia ndoo ya barafu, na barafu yote ikayeyuka. Kisha nikakukasirikia kuliko siku zote tangu uzaliwe. Mjinga wewe. Umelala wodini peke yako, sisi tukikusema vibaya juu ya kaburi, nami nikiongoza. Umeniacha nikuandikie yale ya mwisho, yale ya Mama akifa, na ukayasoma, na bado ukanipa shikamoo. Hilo sikusamehi. Ungenitukana ningelala vizuri zaidi.

Huruma unayoiogopa haipo, usijisumbue. Nimetafuta nimekuta hasira tu.

Sasa ya kazi. Uzi wako nimeuchukua mara mbili, nikafunga fundo kwenye mshipi kila pima, mafundo kumi na moja, la mwisho jekundu. Nikatoka na chambo cha kuombaomba, vichache, viwili vimekufa njiani. Mawingu yalikuwa yameshafika juu ya mwamba. Tangi likajificha nyuma ya ghala, nikateremsha fundo moja moja. Nilipopita mahali nilipokuwa nikiishia siku zote, mkono ulitaka kusimama wenyewe, ukaendelea. Fundo jekundu likaingia majini, nikatulia. Na wapangaji walikuwa nyumbani. Yule wa kwanza alivuta mshipi taratibu, kama mtu anayevuta kiti akae. Wa pili hakuwa na adabu hiyo, amenikata kiganja. Nilivua mpaka chambo kikaisha, na nikalia humo humo kwenye mashua, sitaki kukuficha, maana maji yana masikio lakini hayana mdomo.

Mwenyekiti alisimama gatini akanitazama nikishusha. Bwana Betri alikuja kuangalia mshipi, akagusa fundo, akauliza nimenunua wapi. Nikamwambia hauuzwi. Mvua ilianguka siku iliyofuata kabla ya adhuhuri, na nafasi ni yetu. Kisha mwenyekiti akauliza mashua ni ya nani sasa. Nikasema ya watoto wa marehemu, wako wawili.

Kwa hiyo umeuliza urudi na nini. Mshipi una mafundo, hauhitaji tena mikono mirefu ya mtu yeyote. Unahitaji mtu wa kukaa mbele, anayejua kunyamaza, na hapo unajua mimi sifai.

La Mama nililitii. Sikumwambia neno. Nilimaliza kufunga mafundo nikausahau uzi wako juu ya meza ya jikoni, nikatoka kuanika nyavu. Niliporudi alikuwa ameketi, ameushika. Umesahau nani aliyekushonea mashati. Ameuweka ncha moja kwenye kishimo cha koo lake, ameunyoosha juu ya mkono wake mpaka ukapita vidole, akautazama ule uliobaki ukining'inia.

Akasema, "Huu ni mkono wa mwanangu. Mwingine uko wapi?"

Nimejifanya nasikia paka. Ameuliza tena jana na ameuliza asubuhi hii, na uzi hauachi, analala nao. Lori linapakia barafu Alhamisi. Mimi nimeshasema uongo wako wa kutosha msimu huu. Njoo umjibu mwenyewe.

Kisigino.